Alama 78 kila Ijumaa, 41 mwisho wa muhula: kisa cha mwanafunzi anayesoma sana na kufeli

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anasoma saa tatu kila usiku. Hatoroki vipindi, madaftari yake ni masafi, na kila Ijumaa likija jaribio dogo la biolojia anapata 74, 78, mara nyingine 80. Mtihani wa mwisho wa muhula unapofika, biolojia hiyohiyo inampa 41. Kemia 38, hisabati 36, fizikia 33, historia 52. Muhula uliotangulia biolojia ilikuwa 44. Aliongeza saa moja ya kusoma kila usiku, na alama zikashuka.

Mwanafunzi huyu ni wa kubuni, na alama zake tumezipanga ili hesabu ifuatike. Mwenendo wake, hata hivyo, mwalimu yeyote wa darasa ataujua. Tumemwacha mvivu kwa makusudi, kwa kuwa asiyefungua daftari akifeli hakuna la kuchambua. Kitendawili ni huyu anayelifungua kila siku.

Maelezo matatu hutolewa haraka. Nyumbani wanasema kichwa chake ni kizito. Shuleni wanasema anaogopa mtihani. Yeye mwenyewe anasema, "Nasahau." La kwanza linakataliwa na alama za Ijumaa, maana kichwa kizito hakipati 78. La pili lina chembe ya ukweli, lakini jaribio la Ijumaa nalo hufanywa kimya, kwa saa, mbele ya mwalimu yuleyule. La tatu ndilo lililo karibu zaidi, ila linaishia njiani: kila mtu husahau, sasa kwa nini yeye anasahau kuliko wenzake wanaosoma muda mfupi zaidi?

Tuanze na umbali. Jaribio la Ijumaa linauliza ya Jumatatu hadi Alhamisi, naye aliyapitia Alhamisi usiku. Mtihani wa mwisho unauliza ya wiki 12. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kisha kuangalia ni juhudi kiasi gani anaokoa akizikariri upya. Baada ya saa moja aliokoa asilimia 44, baada ya siku moja karibu theluthi, baada ya siku 31 asilimia 21. Somo lenye maana halipotei kwa kasi ya silabi tupu, lakini umbo la mteremko ni hilohilo: sehemu kubwa huanguka mapema, kisha kinachobaki hushuka polepole. Jaribio la Ijumaa humpima mwanafunzi kabla ya maporomoko kumfikia. Alama yake ni halali, ila haisemi chochote kuhusu wiki ya 12, na kila mtu nyumbani na shuleni aliisoma kana kwamba inasema.

Saa tatu zilikuwa na nini ndani yake

Hatua ya kwanza haikuwa ushauri wala ratiba mpya. Kwa siku 7 aliandika, kila baada ya dakika 15, mkono wake unafanya nini. Sharti lilikuwa moja: jina la somo halikubaliki. "Biolojia" si jibu. "Nanakili", "nasoma tena", "natafuta rula" ndiyo majibu. Ukiandika jina la somo, saa nzima huonekana imetumika vizuri.

Usiku wa kawaida wa dakika 180 ulitoka hivi: dakika 25 kupanga meza na kutafuta vitabu, 40 kunakili upya noti kwa mwandiko mzuri, 70 kusoma tena noti hizo na kuzipaka rangi, 15 kufuatilia mifano ya hisabati iliyokwisha kufanywa, 20 kwenye simu, 10 kukaa tu. Dakika alizojaribu kujibu swali daftari likiwa limefungwa: sifuri.

Hapo ndipo kisa kilipo. Kusoma tena ukurasa uleule kunamfanya mtu aufahamu kama anavyoufahamu uso wa jirani. Haina maana kwamba atalikumbuka jina akiulizwa gizani. Kutambua ni kazi moja, kukumbuka ni nyingine, na mtihani unalipa ya pili. Ubaya zaidi, kusoma tena hutoa hisia ya kujua. Mara ya tatu macho yanateleza bila kukwama, naye anafunga daftari akiamini kazi imekwisha.

Hisia hiyo imepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja kisha likajaribu mara tatu kukiandika bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, 40 dhidi ya 61. Na waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Weka kando vifungu vyao, weka biolojia ya Alhamisi usiku, na mwanafunzi wetu anaonekana waziwazi: mshindi wa dakika ya 5.

Kupaka rangi tutalipitia haraka. Mapitio makubwa ya mbinu kumi za kujisomea yaliyoongozwa na John Dunlosky mwaka 2013 yaliweka kupiga mistari na kusoma tena katika kundi la chini kwa manufaa; juu kabisa yalikuwa mawili tu, kujijaribu kwa maswali na kuyagawa marudio kwa siku mbalimbali. Kusoma kwa mara ya kwanza kunabaki lazima, maana huwezi kukumbuka usichokielewa. Tatizo ni mara ya pili, ya tatu na ya nne.

Karatasi ya mtihani iliyosahihishwa

Wengi hutazama alama iliyoandikwa juu na kuikunja karatasi. Huo ni upotevu, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo kipimo pekee cha bure ambacho mwanafunzi anapewa. Tulichukua alama 59 alizopoteza kwenye biolojia, swali baada ya swali, na kuzigawa mafungu manne. Asichowahi kukijua: 12. Alichokijua lakini hakikuja: 28. Kutojibu kilichoulizwa: 11. Muda kwisha: 8.

Fungu la pili halipimwi kwa kumuuliza, "Hii ulikuwa unaijua?" Atasema ndiyo kwa kila kitu. Linapimwa kwa kumrudishia swali na dokezo moja, kwa mfano herufi ya kwanza ya neno au mchoro usio na majina. Akimalizia mwenyewe, maarifa yapo na njia ya kuyafikia ndiyo iliyoziba. Asipoweza hata kwa dokezo, alama hiyo inahamia fungu la kwanza.

Fungu la tatu lina mfano mzuri. Swali lilisema: eleza jinsi muundo wa utumbo mdogo unavyoufaa kufyonza chakula, alama 4. Aliandika kwamba una vijidole vingi, ukuta mwembamba, mishipa ya damu, na kwamba ni mrefu. Yote ni kweli, na alipata 1. Alitaja, hakueleza. Jibu linalolipwa hufunga kila sehemu na kazi yake: vijidole huongeza eneo la kufyonza, ukuta wenye unene wa seli moja hufupisha njia ya chakula kuingia kwenye damu, mishipa mingi hukiondoa haraka ili kingine kiendelee kuingia. Noti zake zilikuwa orodha, akazikariri kama orodha, mkono ukatoa orodha.

Fungu la nne ni hesabu tu. Mtihani wa alama 100 kwa dakika 120 unampa dakika 1.2 kwa kila alama, yaani swali la alama 5 lisizidi dakika 6. Alikaa dakika 14 kwenye swali la kwanza la alama 5 kwa sababu alilipenda.

Hisabati ilitoa picha tofauti. Alama 64 zilizopotea: 31 kwa kuchagua njia isiyofaa, 14 kwa makosa ya hesabu ndogondogo, 6 kwa kuruka hatua, 13 hakugusa kabisa. Hizo 31 ndizo za kutazama. Daftari lake la mazoezi limejaa alama za vema, kwa sababu kila zoezi lina maswali 20 ya mada moja. Ukifungua zoezi la Pythagoras, swali la 7 halikuulizi utumie nini. Kichwa cha ukurasa kimeshakuambia. Mtihani hauna kichwa cha ukurasa. Unaonyesha pembetatu na kunyamaza, na mwanafunzi hajawahi hata mara moja kufanya zoezi la kuamua kama hii ni ya Pythagoras au ya pembetatu zinazofanana.

Kilichobadilishwa

Muda ulipunguzwa kutoka dakika 180 hadi 120, na hatua hii ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa nyumbani. Sababu ilikuwa usingizi. Alikuwa akilala saa sita na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa 5 tu, wakati pendekezo la madaktari wa usingizi wa Marekani la mwaka 2016 kwa umri wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Kumbukumbu huendelea kuimarika usingizini, kwa hiyo saa ya ziada ya kunakili ilikuwa ikilipiwa kwa kitu ghali kuliko yenyewe. Sasa anaanza saa moja jioni, anamaliza saa tatu, kitandani saa tatu na nusu. Simu inakaa chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa sababu mkono unaijua njia.

Dakika 120 ziligawanywa vipande vinne vya dakika 25, kila kimoja na mapumziko ya 5.

Kipande cha kwanza ni karatasi tupu. Masomo mawili ya siku hiyo, dakika 12 kila moja: anaandika kila anachokumbuka bila kufungua chochote, kisha anafungua noti na kuongeza kwa kalamu nyekundu alichokosa. Wekundu ndio mali. Kila kosa jekundu linageuzwa swali na kuandikwa kwenye kadi.

Kipande cha pili ni kadi. Mbele swali moja, nyuma jibu moja. Kadi mpya inarudiwa baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Akiikosa inaanza upya kwenye siku ya 1. Wazo la kukosa na kurudi mwanzo ni la mtindo wa masanduku ya kadi alioueneza Sebastian Leitner mwaka 1972. Namba 1, 3, 7, 21 si za kiibada. Kinachojulikana, na utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 ulikipima kwa watu zaidi ya 1,350, ni kwamba nafasi nzuri kati ya marudio hurefuka kadiri mtihani ulivyo mbali. Kwa mtihani wa wiki 12, kurudia kila siku mfululizo ni kupoteza muda, na kurudia mara moja mwezi ni kuchelewa.

Kipande cha tatu ni hisabati, maswali 12: manne ya mada ya leo, manne ya wiki iliyopita, manne ya zamani, yamechanganywa. Kabla ya kukokotoa lolote anapita yote 12 akiandika pembeni jina la njia atakayotumia. Hatua hiyo inachukua dakika 3 na ndiyo inayotibu zile alama 31.

Cha nne ni maswali ya mitihani iliyopita, kwa saa, ya somo linalobadilika kila siku, yakisahihishwa kwa mwongozo wa kusahihisha na si kwa macho ya huruma. Makosa yanaingia kwenye daftari lenye safu nne: swali, nilichoandika, kilichotakiwa, kwa nini nilikosa. Safu ya mwisho hairuhusu neno "uzembe". Uzembe hauwezi kurekebishwa kesho. "Sikubadilisha sentimita kuwa mita" ni kosa linaloweza.

Kilichoharibika

Wiki ya pili jioni zilirudi kuwa saa tatu. Kosa lilikuwa la hesabu. Alikuwa akitengeneza kadi 40 kwa siku. Kwa marudio manne, ifikapo wiki ya nne kila siku ingemletea kadi 160 za zamani. Kwa sekunde 15 kila moja ni dakika 40, kabla hajaandika hata moja mpya. Tuliweka kikomo cha 12 kwa siku, yaani marudio 48, dakika 12. Alilalamika kwamba 12 hazitoshi somo zima. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa: kadi ni za alichokosa kwenye karatasi tupu, si nakala ya daftari.

Kadi zenyewe nazo zilikuwa mbovu mwanzoni. Moja ilisema "Eleza usanisinuru", na nyuma kulikuwa na aya ya mistari tisa. Kadi kama hiyo haiwezi kujibiwa sawa wala kukosewa. Kila siku atajibu nusu na kujipa vema. Ilivunjwa kuwa tano: malighafi ni zipi, zinazotengenezwa ni zipi, unafanyika sehemu gani ya seli, mwanga unafanya kazi gani, nini hutokea mwanga ukipungua.

Wiki ya tatu ndiyo iliyokaribia kuangusha mpango wote. Kwenye mazoezi ya hisabati alizoea kupata 18 kati ya 20. Maswali yalipochanganywa, akawa anapata 11. Mzazi aliona 11, akaona mtoto amekasirika, akasema jambo ambalo mzazi yeyote mwenye akili angesema: mlichokibadilisha kimeharibu. Ukitazama mazoezi peke yake, alikuwa sahihi. Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha jambo hili mwaka 2007 kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliofanya mada mojamoja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganya wakapata 60. Wiki moja baadaye kwenye jaribio, wa mada mojamoja walipata 20, waliochanganya 63. Zile 18 kati ya 20 zilikuwa zikimpima mwandishi wa kichwa cha ukurasa.

Kueleza hivyo hakukutosha. Mtu aliyekasirika hatulizwi kwa asilimia za watu wengine. Kilichosaidia ni kumpa mwanafunzi zoezi la wiki ya kwanza, alilopata 18, alifanye tena bila kichwa cha ukurasa. Alipata 7. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Tunakiri pia kwamba kuchanganya kulianzishwa mapema mno kwenye kemia. Alikuwa hajaelewa kusawazisha milinganyo, na kumchanganyia hesabu za moli juu yake kulimvuruga bure. Kanuni tuliyoishia nayo: mada mpya ifanywe peke yake mpaka maswali matano mfululizo yawe sahihi, ndipo iingie kwenye mchanganyiko.

Wiki ya tano ukaja wizi mdogo. Alikuwa akisoma swali, anasema moyoni "hii naijua", anageuza kadi, anaona jibu, anajipa vema. Ni kusoma tena kulikovaa nguo za kadi. Unaugundua kwa kutazama kasi yake: kadi 48 zilikuwa zikiisha kwa dakika 4. Dawa ni kuandika jibu, hata kwa maneno mawili, kabla ya kugeuza.

Mwisho wa muhula

Biolojia 59, historia 61, hisabati 48, kemia 46, fizikia 34. Wanaouza mbinu za kusoma wangetaka kumwona akiongoza darasa. Kwa wiki 12, ongezeko la aina hii ndilo la kutarajia kwa mwanafunzi ambaye tatizo lake lilikuwa namna ya kusoma.

Karatasi ya biolojia ilichambuliwa tena kwa mafungu yaleyale. Alichokijua lakini hakikuja: kutoka 28 hadi 13. Kutojibu kilichoulizwa: 11 hadi 9, badiliko dogo, kwa sababu maswali ya "eleza" na "linganisha" yalianza kufanyiwa kazi wiki ya nane. Muda: 8 hadi 5. Lakini asichowahi kukijua kilipanda, 12 hadi 14. Mada ya mwisho ya muhula ilifundishwa wakati foleni ya kadi imejaa, na kwa kikomo cha 12 kwa siku haikupata nafasi. Wiki tatu za mwisho kikomo kingetakiwa kupendelea mada mpya, na kadi ambazo amezipata mara nne mfululizo zikae kando.

Fizikia ilipata kadi zilezile, karatasi tupu ileile na muda uleule, ikapanda alama 1. Kanuni anazijua zote; ukimuuliza ile ya mwendo, v = u + at, anaiandika bila kusita. Swali likisema tafuta t, anakwama. Alipewa maswali madogo 10 ya aljebra yasiyo na fizikia ndani yake, kama kutafuta x kwenye 7 = 3 + 2x, akapata 3. Hapo kukumbuka hakuna kazi ya kufanya, kwa sababu kinachotafutwa hakijawahi kuwekwa. Kipindi kinachokosekana ni cha kufundishwa, na kukiita tatizo la mazoea ya kusoma ni kumlaumu mwanafunzi kwa kosa ambalo si lake.

Kwa muhula unaofuata, kadi za fizikia zimesimamishwa. Muda wake umepewa aljebra pamoja na mwalimu wa hisabati, vipindi vitatu kwa wiki, na kila Jumatatu maswali mengine 10 ya aina ileile. Akifika 8 kati ya 10 kwa wiki mbili mfululizo, kadi zinarudi.